Pamba Kifuani mwa Mdogo Wangu

Mimi ni wakala wa forodha hapa Mwanza. Ukiwa na mzigo unaotoka au unaoingia, mimi ndiye ninayekimbizana na karatasi huku wewe umekaa unakunywa soda na kunipigia simu kila mara kuuliza nimefikia wapi. Nilianzia kwenye minofu ya sangara na mabondo, vile vibofu vya tumboni mwa samaki. Mizigo inayooza inakufundisha adabu, maana ukichelewa kila mtu anajua kwa pua. Sanaa ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu.

Mdogo wangu alikuwa mchongaji. Hakuchonga twiga wala wapiga ngoma wa kuwauzia wageni. Vinyago hivyo alikuwa akivitukana hadharani mpaka nikawa naona aibu. Yeye alinunua mitumbwi iliyokufa, ile iliyotupwa ufukweni imeegemea mawe, haina mwenyewe anayeitamani tena. Aliibomoa, akazichukua zile mbao za ubavuni na mataruma yake, yaani mbavu za ndani, akaziunganisha na kuchonga watu. Sasa mitumbwi ya huku ziwani huzibwa nyufa kwa pamba. Fundi anasokota pamba mbichi, anaichovya kwenye mafuta, anaigongelea katika upenyo kati ya ubao na ubao mpaka maji yanakosa njia. Mdogo wangu hakuitoa pamba ile. Kwa hiyo kila mtu wake alikuwa na mstari mweupe mahali fulani mwilini, mwingine shingoni, mwingine pajani. Nilimwuliza mbona asiwasafishe. Akasema, "Dada, hiyo ndiyo iliyokuwa inawafikisha wavuvi nyumbani. Niitoe ya nini?"

Majirani zetu pale Ilemela, kwenye nyumba ya mama juu ya mawe, waliziita kazi zake kuni. Hawakusema kwa ubaya wote, walisema kwa kuzoea. Msimu mmoja mvua zilipokaza, mama jirani alipaza sauti kutoka uwani kwake akaomba asaidiwe "hicho kisiki kimoja kilichosimama hapo nje," maana mkaa umelowa. Tulicheka. Mdogo wangu naye alicheka, akajibu, "Subiri kwanza nikimalizie macho, mama, kisikuone unavyokipasua!" Lakini chakula cha mchana hakukigusa, na mama yetu alikitazama kile chakula kikipoa. Mama ni mtu wa kunyamaza. Mdomo wote katika familia nilipewa mimi.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa yeye mwenyewe. Alijichonga amesimama wima, kimo chake hasa, mikono imening'inia, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto kama alivyokuwa akisikiliza mtu. Mstari wa pamba ulimpita kifuani, kutoka bega hadi mbavu. Mama alipoiona mara ya kwanza aliizunguka, akaigusa sikio, akasema, "Hata hiki kisikio ulichong'atwa na mbwa!" Basi ikawa furaha ya siku nzima.

Kuna mwanamke mmoja wa Marekani mwenye nyumba ya maonyesho kwao. Aliziona kazi za mdogo wangu alipopita Mwanza kwa mambo mengine, na akaitaka ile. Alilipa sehemu ya bei, kwa maneno kwamba ataionyesha kwanza, ikipata mtu wa kuichukua ndipo wamalizane. Mdogo wangu alikuja ofisini kwangu Nyakato anatembea kama bwana harusi. Alisimama mlangoni akasema, "Wakala, nina mzigo," na mimi nikamwambia apange foleni kama wenzake.

Kazi ya sanduku tulimpa fundi wa jirani na ofisi yangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni majeneza. Hatukuwa tumewaza lolote. Ni fundi mzuri, mbao zake zimekauka, misumari yake haichomozi. Sanamu ilikuwa Ilemela na fundi hakutaka kupanda mawe yale na futi kamba yake, akamtazama mdogo wangu akasema, "Si umesema mko sawa? Basi lala hapo." Naye akalala. Alilala juu ya mbao huku anacheka, fundi akampima kichwa hadi kisigino, mabega, na unene wa kifua. Siku ya kulipeleka sanduku uwanja wa ndege, gari letu lilipopita, wanaume waliokuwa wakicheza bao pembeni walisimama wakavua kofia. Mama mmoja akaanza kulia kabisa. Mdogo wangu alitoa kichwa dirishani akawapungia, "Marehemu anawashukuru!" Mimi nilicheka mpaka machozi. Mama aliposikia hakucheka. Alimwambia, "Umepimwa sanduku ungali hai? Wewe mtoto wewe." Akaingia ndani.

Na ajabu yake ni kwamba mtu yule aliyelala kwenye mbao za jeneza bila kujali alikuwa na mwiko wake mmoja. Nilipokuwa najaza fomu za kutoka, nilimwambia, "Tuandike inakwenda kwa maonyesho, itarudi. Ikiuzwa tutabadilisha." Hivyo ndivyo ninavyomwambia kila mtu. Akanishika mkono. "Usiniandikie kurudi, dada. Kitu ukikiandikia kurudi, kinarudi. Unaniletea mkosi na biashara ndiyo kwanza inafunguka." Nilimweleza sheria. Nilimweleza tena kwa ukali, maana sipendi mtu anifundishe kazi yangu. Akabaki anatikisa kichwa. "Andika imeondoka moja kwa moja. Mimi namtuma akakae huko, situmi mtu aende akasalimie." Yeye ndiye mwenye mzigo. Nikaandika hivyo hivyo, imeondoka moja kwa moja, akaweka sahihi yake kubwa yenye mikia.

Sanduku lilifika Marekani wakati ambao hakuna aliyejua sheria ni ipi. Ushuru wa kule ulikuwa umepandishwa, mara ukasogezwa, mara ukapunguzwa kwa nchi fulani na kuachwa kwa nyingine. Tuliokuwa tunasafirisha vitu tuliamka kila siku tukiuliza jana imebadilikaje. Kazi halisi ya sanaa ilikuwa haitozwi. Lakini ofisa wa huko alifungua sanduku, akaona mbao kuukuu zenye matundu ya misumari, akasema hii ni mbao. Mbao ina ushuru wake. Halafu akaona pamba mbichi, akasema hii ni mazao ya shambani, inabeba wadudu. Yule mwanamke akatuma picha, akatuma maelezo, akatuma barua ya mwalimu wa sanaa. Jibu likaja kwamba suala linaangaliwa. Maonyesho yakafunguliwa, yakafungwa, mdogo wangu bado amesimama gizani ndani ya sanduku la fundi wa majeneza, anabishaniwa kama ni mtu au ubao.

Alikuwa akinijia kila Ijumaa. "Wamesemaje?" Namwambia bado. "Waambie waangalie uso." Namwambia hawaangalii uso, wanaangalia orodha ya bidhaa. Siku moja nilichoka nikamfokea, nikamwambia nina mizigo mingine ya watu inayooza, aniache. Akasema, "Sawa, sangara kwanza," akaniletea mhogo wa kuchoma nusu saa baadaye. Ndivyo tulivyokuwa, hatukuwekeana kinyongo.

Mwishowe walikubali kwamba ni sanaa, kwa sharti pamba itolewe na mbao zifukizwe dawa. Yule mwanamke akaipata. Lakini mteja aliyekuwa ameitaka alikuwa ameshaingia woga na habari za ushuru, akajitoa, naye akaiweka stoo kusubiri maonyesho mengine. Nilipanga kumweleza mdogo wangu Ijumaa. Alhamisi alikwenda ng'ambo, upande wa Kamanga, kufuata mtumbwi uliokufa. Kwenda alipanda kivuko kama watu. Kurudi, kwa sababu ya mbao, alikodi boti pamoja na mwenye mbao na vijana wawili, wakapakia kuliko boti inavyotaka. Upepo ulitoka ghafla kwa upande wa kusini. Wale watatu walishikilia mbao wakaokotwa. Yeye hakuonekana.

Walimtafuta. Wavuvi walikokota nyavu, vijana walizamia, tulilipia mafuta ya boti mpaka wenyewe wakaona huruma wakawa hawapokei. Nilikuwa nasimama ufukweni natukana ziwa kwa sauti. Nalitukana kabisa, matusi ya mama ntilie, watu wananiona. Ziwa halikumrudisha.

Sisi kwetu ni upande wa Mara. Huko kwetu, mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba. Linakatwa, linavishwa nguo zake, linalazwa kaburini, linasomewa sala zote kama mtu. Mpaka jambo hilo lifanyike, matanga hayaondoki. Mama mfiwa analala chini, hanyoi, hasukwi, moto wa uwani hauzimwi, na wageni wakija lazima walie upya. Baba yetu mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuja na panga lake limeshanolewa. Akasema, "Shemeji, tumzike mtoto apumzike, na wewe upumzike." Mama akamtazama.

"Simziki mgomba," akasema. "Mwanangu alijichonga mwenyewe. Uso wake uko Marekani. Nileteeni huyo nimzike."

Baba mdogo akageuka akanitazama mimi. Wote waliokuwa kwenye mikeka wakanitazama. Nani mwingine? Si mimi ndiye ninayerudisha vitu vya watu?

Nilimpigia simu yule mwanamke. Alilia kwenye simu mpaka nikaanza kumtuliza, mimi mfiwa. Alikubali hapo hapo kuirudisha, tena kwa gharama zake. Jina la mpokeaji tuliweka la mama, kwa kuwa ndiye mrithi. Na kwa heshima, kwa moyo safi kabisa, alipojaza fomu alipotakiwa kuandika thamani, aliandika bei ileile aliyokusudia kuibandika kwenye maonyesho. Hakutaka kumpunja marehemu. Nilipoiona karatasi ile kwenye simu yangu, niliikuza herufi nikaisoma ile thamani tena.

Kwa maana nilijua yatakayofuata. Kitu kilichotoka kwa ahadi ya kurudi kinaingia bila shida, ni chako kimerudi. Kilichotoka moja kwa moja kikirudi ni bidhaa ya nje kama mtumba au televisheni. Kinatozwa kodi kulingana na thamani yake, na thamani hiyo ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzuri na mwanamke mwenye moyo mzuri. Juu ya hapo bajeti mpya ilikuwa imesomwa Juni, na Julai kila kitu kilikuwa kimepewa jina jipya na kiwango kipya, hata maofisa wenyewe walikuwa wanafungua kitabu kila wakiulizwa. Tungeuza nyumba ya Ilemela na mawe yake tusingefikia.

Wakati huo wote mama alikuwa analala chini. Nilikuwa narudi kazini namkuta kwenye mkeka wake, nywele zimekuwa matimutimu, mgongo unamuuma, anaficha. Hakuwahi kuniuliza zaidi ya mara moja kwa siku. "Amefika wapi?" Namwambia Ulaya, wamebadilisha ndege. Namwambia Dar es Salaam, wanampekua. Baba mdogo alikuwa akinipigia simu, "Mama yako atakufa kwenye simenti, mwambie tukate mgomba." Mimi namjibu vibaya, kisha nampigia tena kuomba radhi, kisha namjibu vibaya tena.

Sanduku likafika Mwanza. Halikuwa lile la fundi wetu. Lile walilichoma kule kwa sababu mbao zake hazikuwa na muhuri wa dawa. Hili lilikuwa jipya, jeupe, lina vipini na alama za glasi na mwavuli. Liliwekwa ghala la forodha uwanjani, kati ya majiko ya gesi na matairi.

Ofisa aliyekabidhiwa alikuwa kijana mstaarabu, nilikuwa nimeshafanya naye kazi za mabondo. Nilimweleza yote. Alifunga mlango, akasema, "Dada, kuna njia. Aje mama mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye mzigo. Aandike tamko kwamba kilichomo ni mbao chakavu, hazina thamani, ni za kwenda kuzikwa. Mimi nitafungua, nitaona ni mbao chakavu, nitaidhinisha. Mtaondoka nacho siku hiyo hiyo." Niliinama nikambusu mkono, yule kijana akashtuka. Niliona kama mlango wa mbinguni umefunguliwa.

Nilimleta mama. Alivaa kitenge chake cha kanisani na akafunga kilemba kuficha nywele. Ofisa alisimama kumpokea, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akampa kiti. Akamweleza kwa upole, kisha akamsogezea karatasi na kalamu. Mama anasoma vizuri, Biblia yake ameimaliza mara nyingi. Alivaa miwani akaisoma karatasi yote. Alipofika mwisho alirudi katikati, akaweka kidole.

"Hapa pameandikwa mbao chakavu, hazina thamani."

"Ndiyo, mama. Ni kwa ajili ya kodi tu."

Mama akaiweka kalamu chini.

"Mwanangu tangu ameshika patasi aliambiwa hizi ni kuni. Jirani kamwambia, baba yake kabla hajafa kamwambia, mimi mwenyewe siku nyingine nilipochoka kuzikwaa uwani nilimwambia. Mtu wa kwanza kuandika kwamba zina thamani ni huyu mzungu. Sasa yeye yuko majini, halafu mimi mama yake niandike kwa mkono wangu kwamba ni kuni?"

Nilijua amekwisha kuamua, lakini nilijaribu. Nilipiga magoti pale sakafuni. "Mama, ni karatasi tu!"

"Karatasi tu? Wewe si karatasi ndiyo inakulisha?"

Nilikasirika. Sifichi, nilimkasirikia mama yangu mbele ya mtu. Nilimwambia, "Unataka kumzika au hutaki? Umelala chini miezi yote hii kwa ajili gani? Nimehangaika, nimedhalilika, kijana wa watu anajitoa mhanga, halafu wewe unaleta kiburi!" Sauti yangu ilisikika mpaka kwa wapakiaji mizigo. Mama alinisubiri nimalize. Halafu akamgeukia ofisa kama mimi sipo.

"Naweza kumwona?"

Ofisa akasema ukaguzi uko palepale, kwa hiyo mwenye mzigo anaruhusiwa kuwepo. Wapakiaji wawili wakaja na nyenzo, wakafungua kifuniko, wakatoa sponji na karatasi. Wakalisimamisha sanduku, na mdogo wangu akatokea, kichwa kimeinama upande wa kushoto.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya msiba. Alimwendea akamshika mashavu. Alimwita jina lake la utotoni. Alimwambia kwa Kijita, lugha ya kwetu, kwa nini umekaa sana, kwa nini hukuaga, nani alikuwa anakupikia. Alimpapasa sikio lililong'atwa. Wapakiaji walitazama chini. Nilikuwa bado nimepiga magoti, hasira imenitoka yote, nimebaki naona tu kwamba uso ule ni wake na kwamba sikuwa nimeuona tangu ile Ijumaa ya mwisho ya mhogo wa kuchoma.

Halafu mkono wa mama ukashuka kifuani ukasimama.

"Pamba iko wapi?"

Ufa ulikuwa mtupu. Kutoka bega hadi mbavu, palipokuwa na ule mstari mweupe, palikuwa na upenyo mweusi unaopitisha kidole.

"Waliitoa, mama," nikasema. "Walisema ina wadudu."

"Wamemwacha hivi?" Akaingiza kidole. "Maji si yataingia?"

Mama alifungua kilemba, nywele zake za matanga zikaonekana zote, hakujali. Akakichana kwa meno. Akachana utepe mmoja, akausokota juu ya paja kama wanavyosokota mafundi wa ufukweni, akaanza kuuingiza ndani ya ufa kwa ncha ya ufunguo wake wa nyumba. Ulipokwisha akachana mwingine. Aliziba polepole, anagongelea kwa kiganja, anapitisha kidole kuona kama pameshika. Ofisa alikuwa na mizigo mingine na watu walikuwa wanamsubiri nje. Hakumharakisha. Mmoja wa wapakiaji, ambaye nadhani alikulia visiwani, alipiga hatua akashika kitambaa kwa chini ili mama apate kuvuta vizuri. Waliziba wote wawili mpaka chini ya mbavu.

Mama alipomaliza alikaa kidogo ameegemeza paji la uso wake pale kifuani. Kisha akanyanyuka, akamwambia ofisa, "Asante, baba. Nimemwona. Nilitaka kumwona uso tu, ziwa lilininyima. Mwacheni hapa na thamani yake. Mtanitunzia." Akanitazama mimi. "Twende. Mwambie baba yako mdogo akate mgomba."

Tuliuzika mgomba kule kwetu Mara, umevaa shati lake la bluu na suruali yenye vumbi la mbao. Mama alinyolewa. Moto wa uwani ulizimwa. Usiku ule alilala kitandani, na mimi nililala naye kama mtoto, naye akawa ananikanda mgongo, yeye mimi, badala ya mimi yeye.

Tangu hapo nikawa kila nikienda uwanja wa ndege napitia ghalani. Sanduku lilikuwa limerudishiwa kifuniko, limesukumwa pembeni. Nilikuwa naligonga mara moja kwa vidole nikipita. Nikirudi nyumbani mama alikuwa ananiuliza huku anachambua dagaa au mchele, bila kuinua macho.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Hajambo, mama."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Alishiba kwa hiyo. Jirani mmoja alipomwuliza msiba umepoa, nilimsikia akimjibu kwamba mwanawe yuko kwa serikali, na serikali haiwezi kumtoa kwa sababu thamani yake ni kubwa mno. Alisema kwa majivuno.

Mimi nilijua kwamba mzigo usiotolewa hupelekwa mnadani. Yule ofisa kijana alikuwa akinisaidia kuusogeza mbele, na nilikuwa nimepanga siku ukitangazwa niende nikaununue hapo, kama mtu yeyote. Lakini alipata uhamisho, na mimi nilikwenda mpakani kwa mzigo wa mteja uliokwama kwa sababu ya kanuni nyingine mpya, nikakaa huko zaidi ya nilivyotegemea. Niliporudi niliingia ghalani nikakuta pembe ile imefagiliwa.

Nilimtafuta dalali aliyeendesha mnada. Hakuwa mtu mbaya. Alisema vilikuwa vitu vingi vya mbao, palati, masanduku yaliyovunjika, fremu za milango, na wanunuzi hawapendi kimoja kimoja, akaviweka fungu moja. Alinipa simu ya aliyelichukua. Ni mtu mwenye uwanja wa kuni huko huko Nyakato, si mbali na ofisi yangu, nimeshapita hapo mara ngapi sijui. Nilimkuta amekaa kwenye gogo anakula chungwa. Nilimweleza ninachotafuta, nikamwonyesha kimo kwa mkono.

"Aa, lile la kama mtu!" akasema. "Lilikuwepo, dada. Lilitusumbua shoka, mbao za zamani ngumu. Lina matambara katikati, hata sijui walikuwa wanaziba nini. Wachoma matofali walichukua zote wiki iliyopita."

Niliondoka hapo nikatembea mpaka nikajikuta nyumbani. Sikulia njiani. Mama alikuwa uwani amekalia kigoda, ungo wa dagaa mapajani, nywele zake zimeanza kuota fupi fupi, nyeupe. Kwa jirani moto ulikuwa unawaka.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimemwona."

"Hajambo?"

Nilivua viatu kwanza. Niliviweka mlangoni, kimoja kikaanguka, nikakisimamisha.

"Hajambo, mama."

"Mungu mkubwa," akasema, akanisogezea ungo nimsaidie kuchambua.